Turudishiwe Mkono Wetu wa Nje

Kwa Mwenyekiti,
Tume ya Kuchunguza Uingiliaji wa Uchaguzi kutoka Nchi za Nje.

Kuhusu: Malalamiko dhidi ya kusafishwa kwa kata yetu bila ridhaa yetu

Ndugu Mwenyekiti,

Ninakuandikia nikiwa nimesimama, kwa kuwa barua hii inasomwa kwanza mbele ya wakazi waliojaa katika ukumbi wa ofisi ya kata, nao wameniagiza nisikuletee neno ambalo hawajalisikia kwa masikio yao. Viti havikutosha. Waliokosa viti wamekaa madirishani, na mwashi amesimama akituonyesha shavu lake la kulia tu, kwa sababu ambazo nitazieleza panapostahili.

Tunaanza kwa shukrani, maana mwungwana halalamiki kabla ya kushukuru. Tume yako imezunguka nchi nzima, imesikiliza mashahidi wanaosema na wanaolia, na imevumilia viti vya plastiki ambavyo sisi wenyewe hatuvikalii. Hata hivyo, ule ukurasa wa marekebisho mliouchapisha mwezi uliopita umetujeruhi, na kidonda hicho tumeona tusikifunike.

Kwa faida ya waliochelewa kufika, naomba nikumbushe mambo yalivyoanza. Fundi cherehani wetu hushona makoti kwa kushirikiana na dada yake, mzaliwa wa mtaa huu aliyeolewa ng'ambo ya mpaka. Fundi hushona kiwiliwili na dada hushona mikono, kwa kuwa fundi, pamoja na umahiri wake wote, hajapata kushona mikono miwili ikalingana. Koti lenye bitana, kama ujuavyo, lina mkono wa nje na mkono wa ndani. Uchaguzi ulipokaribia, kinyozi wetu aliingiwa na wazo la kugombea udiwani, akaagiza koti. Mikono ikaletwa na basi, na ule wa nje ukaonekana mfupi. Fundi akashika simu amtumie dada yake ujumbe wa sauti, lakini fundi na simu hawajapatana hadi leo, na ujumbe ukaangukia kwenye kundi la wakazi wote wa kata. Tuliusikia sote: "Dada, shikamoo. Mkono wa nje ni mfupi, tena umepinda. Uunyooshe, uurefushe, uniletee kabla kampeni hazijafunguliwa. Mteja wangu bila mkono wa nje hapandi jukwaani."

Mzalendo mmoja ambaye hajajitaja akauwasilisha kwenu. Nanyi, katika taarifa yenu ya awali, mkaandika kwamba katika kata hii upo mkono wa nje, ambao kwa kauli ya mhusika mwenyewe ulikuwa mfupi na ukarefushwa kwa ajili ya kampeni. Sasa katika taarifa ya mwisho mnasema kwamba, baada ya kulikagua koti na kulipima kwa utepe, mmeridhika kuwa mkono huo ni wa koti, na kwamba uchaguzi wetu ulikuwa safi.

Ndugu Mwenyekiti, neno hilo "safi" ndilo lililotuleta hapa. Malalamiko yetu ni haya:

1. Hatukuulizwa. Mtu akitaka kukufulia shati hukuomba kwanza ulivue. Kwa muda wote taarifa ya awali ilipodumu, kata hii ilikuwa na jina. Mwandishi wa habari alikuja akaupiga picha mtaro wetu, ule ambao diwani baada ya diwani wamekataa kuutazama. Kata jirani, ambayo mkono wake wa nje mmeuthibitisha pasipo shaka, leo inatembea kifua mbele. Jana tu muuza mkaa wa upande wao alimwuliza mke wa fundi, mbele ya foleni nzima ya maji, "Shoga, hivi nyinyi hata wa kuwavuruga mmekosa?" Mke wa fundi ni mwanamke asiyekosa jibu. Siku hiyo aliibeba ndoo yake ikiwa nusu, akarudi nyumbani.

2. Mmetuvunjia amani na kinyozi. Hili ndilo kubwa, na ninaomba utulivu ukumbini.

Kinyozi huyu ni mtu wetu. Ametunyoa siku za harusi zetu na siku za usaili wa kazi. Vichwa vya watoto wetu anavijua kuliko wakunga waliowapokea. Alipotangaza kugombea, kila mmoja wetu alimwahidi kura. Wengine walimwahidi mara mbili, wakati wa kukaa kitini na wakati wa kuondoka. Matokeo yalipobandikwa ikaonekana kwamba waliompigia, wakikusanywa wote, wangeenea kwenye benchi lake la kungojea, na bado pangebaki nafasi ya mteja na mwavuli wake.

Tangu asubuhi ile kinyozi alikuwa na desturi moja. Hupaka povu, huinua kidevu chako kwa vidole viwili, huweka wembe kooni, kisha huuliza kwa upole ule wa mtu anayeuliza habari za nyumbani: "Hivi ndugu yangu, kura yako ulimpa nani?" Nani, Ndugu Mwenyekiti, angejibu vinginevyo? Kwa hesabu ya majibu aliyoyapata kwenye kiti kile, alipaswa kushinda kata yetu, kata ya jirani na sehemu ya bahari. Mwashi ndiye pekee aliyeshindwa kustahimili. Alipoulizwa, aliruka na povu lake akatokomea, shavu moja limenyolewa na jingine bado, na kwa kuwa hajathubutu kurudi kitini, hadi leo huwasalimu watu akiwa ubavu.

Taarifa yenu ya awali ndiyo iliyotuokoa. Kinyozi alipoisikia redioni alizima mashine, akatoka nje na taulo begani, akatukumbatia mmoja mmoja akisema, "Nisameheni. Niliwadhania nyinyi, kumbe ni watu wa nje." Tukamsamehe. Tulikuwa hatujapata kusamehewa dhambi kwa njia nzuri kiasi kile, ya kuombwa radhi na tuliyemkosea. Ndipo mkaleta marekebisho yenu. Sasa mkono wa nje haupo. Imebaki mikono yetu, na kila mmoja anajua wa kwake ulitia alama wapi.

Kinyozi hatunyoi tena. Saluni ameifunga, na amesema kwamba mwisho wa mwezi atahamia mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwahidi chochote.

3. Ndevu. Matokeo ya lalamiko la pili yameenea usoni mwa kata nzima. Mwalimu wa hesabu ameombwa na wazazi asiwageukie watoto kwa ghafula. Karani wa ofisi hii alikwenda benki na kitambulisho chake halali, akaambiwa amlete mwenyewe. Mke wa fundi bomba ametoa kauli ambayo mkutano umetaka iandikwe kama ilivyo: "Niliolewa na mtu mmoja, sasa nampikia baba mkwe." Wapo watakaosema twende kwa kinyozi wa kata jirani. Tulikwenda. Alitukaribisha vizuri, akatufunga shuka shingoni, halafu akawaita wenzake waje waone watu wasiovurugwa na yeyote.

4. Tume imekosea hata kwa vipimo vyake yenyewe. Mmeandika kwamba mwingiliaji wa nje ni mtu aliye ng'ambo ya mpaka, mwenye nia ya kuathiri maamuzi ya ndani. Huyo ni dada wa fundi kutoka utosini hadi kisigino. Ndiye aliyemchagulia fundi mke, akiwa ng'ambo. Ndiye aliyempa jina mtoto wa kwanza kwa simu, na mtoto wa pili kwa ujumbe mfupi. Mlango wa nyumba ya fundi ulikuwa wa buluu. Dada aliona picha, na sasa ni wa kijani. Mashemeji wote watatu wako tayari kutoa ushahidi, tena wanaomba wasikilizwe faragha. Ikiwa huyu si mkono wa nje, basi nchi hii haijawahi kuwa nao.

5. Koti lenyewe limerudishwa likiwa na kibandiko kifuani kisemacho "Si Ushahidi". Kibandiko hakibanduki. Fundi amejaribu mvuke wa pasi, akajaribu na maneno makali.

Kwa hayo yote, tunaomba Tume yako itutendee yafuatayo, kwa mpangilio wa unyenyekevu wetu. Kwanza, irudishe aya ya taarifa ya awali kama ilivyokuwa. Ikiwa hilo ni zito, basi itupatie mkono mwingine wowote wa nje. Hatuchagui nchi, na hata wa mtumba tutaupokea, mradi uwe ulitumika katika uchaguzi wa mwaka huu. Na ikiwa ghala la Tume limekwisha, tunaomba mtuandikie barua ya utambulisho kwa mabalozi, ili taifa rafiki lijitolee kukiri kuuvuruga uchaguzi wetu kwa tarehe ya nyuma. Sisi tutagharimia chakula cha mgeni na kumtafutia chumba chenye dirisha. Hatudai fidia wala hatutaki kumshtaki. Tunamtaka aje asimame mbele ya saluni, kinyozi amwone kwa macho, na aseme maneno mawili tu: "Ni mimi." Baada ya hapo akipenda ataondoka, na akipenda atanyolewa.

Ndugu Mwenyekiti, taifa haliwezi kujengwa na watu wanaojua kwamba walichagua wenyewe. Mzigo huo ni mzito kwa raia wa kawaida mwenye kazi na familia. Kata nyingine mmezitua. Tunaomba nasi mtutue.

Utusalimie wajumbe wote wa Tume, pamoja na yule mwenye kikohozi, twatumaini amepoa. Msalimie dereva, ambaye gari lake tulilisukuma kwa moyo mmoja. Wasalimie wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na kama miongoni mwao yupo mwenye ndevu, mpe pole mahsusi.

Nabaki mtiifu, kwa niaba ya walioketi, waliosimama na walio madirishani,

Katibu,
Kamati ya Wakazi wa Kata.

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi, na mkutano umekwisha kuipitisha barua kwa kauli moja, sauti ilipotoka nyuma karibu na mlango ikiomba nafasi. Alikuwa kinyozi. Hatukuwa tumemwona akiingia, kwa sababu yeye naye ameota ndevu, na kinyozi hajinyoi akiwa na huzuni.

Alisema, "Katibu, usiwasumbue watu wa Tume. Mimi mwenyewe sikujipigia."

Akaeleza kwamba alisimama pale na kalamu, akalitazama jina lake, akajiuliza: huyu akishinda, nani atanyoa watu? Akampigia mgombea mwenzake. "Nimewauliza wote," akasema, "nikitafuta mmoja tu aniambie kweli, nipate ujasiri wa kusema yangu. Mkanijibu 'wewe, wewe', nikazidi kuona haya peke yangu."

Wa kwanza kuinuka alikuwa mwashi, akatugeukia kwa uso wake wote, akasema kwamba naye alijiuliza hivyohivyo mbele ya sanduku. Kisha fundi, kisha mwalimu wa hesabu, kisha safu nzima ya dirishani. Ilibainika kwamba kata yote iliingia kituoni na swali moja, pasipo kuambizana. Hata zile kura chache alizozipata tumezijua asili yake: ni za wenye vipara, na wawili wamekwisha kukiri.

Kwa hiyo tunaomba barua hii uione kama haijaandikwa. Inakufikia kwa sababu mtendaji wa kata alikwisha kuigonga muhuri kila ukurasa, na hati yenye muhuri hairuhusiwi kuchanwa. Ninaimalizia kwenye benchi la saluni, nikingoja zamu yangu nyuma ya mwashi. Kinyozi haulizi tena habari za kura. Anauliza tu, "Nyuma nipunguze, au niache?" Nasi, kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi, tunamjibu kweli.