Malalamiko Kuhusu Ndoo Yangu ya Nyama na Jeki Iliyokamatwa Nayo

Kwa Afisa Afya wa Kata (ambaye pia ni kitinda mimba wangu),

Salamu nyingi kwako na kwa wenzako wa ofisini. Jana mezani, nilipoanza tu kulalamika, uliniambia, "Baba, kama una malalamiko, yalete kwa maandishi." Nayaleta. Nimefundisha sayansi hadi nikastaafu; karatasi hainitishi.

1. Umekamata ndoo yangu ya nyama ya chumvi, niliyoitengeneza kwa mikono yangu ili wazazi wa mchumba wako waile Jumamosi. Nimekwisha kujigamba kwao. Sasa unataka niwapokee kwa maji ya kunywa na tabasamu?

2. Umekamata pia jeki ya gari. Kosa lake ni lipi? Nilisoma kwamba viwandani chakula hukandamizwa kwa nguvu kupita ile ya vilindi vya bahari, bakteria wakafa bila moto. Kiwanda sina, jeki ninayo. Niliisimamisha juu ya kifuniko cha ndoo, nikasimamisha gogo refu juu yake, nikaipandisha hadi gogo likashika boriti ya dari. Kwamba dari nayo ilipanda kidogo ni suala la fundi, si la afya.

3. Ulisema mgandamizo wa kiwandani hupita ndani ya maji na kukibana chakula pande zote kwa pamoja, ilhali jeki yangu ilikuwa inakamua mchuzi tu. Nakubali sakafu ililowa. Neno "tu" silikubali.

4. Hili ndilo lililoninyima raha. Umenieleza kwamba chumvi huwanyonya maji bakteria wengi wakadhoofika, lakini walio sugu hujiwekea akiba ya kemikali mwilini wasikauke, na akiba hiyohiyo huwakinga wanapokandamizwa. Yaani wakati wote nilipokuwa nikimmwagia adui chumvi, nilikuwa namvisha koti! Nauliza kwa upole: kiumbe asiyeonekana kwa macho apate kinga, na mimi niliyekusomesha nikose hata kipande cha kuonja?

5. Kwa kuwa bakteria hao wameishinda chumvi, na jeki wameishinda, wamefuzu. Naomba ofisi yako iwatambue kuwa wakazi halali wa ndoo, kisha ndoo irudishwe kwangu mimi mwenye nyumba wao. Wakwe watakula upande ambao wakazi hawajafika.

Ukikataa, nitakata rufaa kwa mamlaka ya juu, yaani mama yako. Yeye ameshatamka: "Mzee, nyama hiyo kaile wewe na jeki yako." Mimi nayahesabu maneno hayo kuwa kibali.

Nisalimie mkuu wako wa kazi, karani wa mapokezi, na mchumba wako, ila huyo usimsomee barua hii.

Ni mimi, mwenye kudai kwa heshima,
Baba yako mzazi.

Tanbihi: Kipande kimoja nilikuwa nimekificha nyuma ya kabati kiwe ushahidi wangu. Asubuhi hii nimempa paka. Amekinusa, akanitazama usoni, kisha akakibeba hadi uani na kukifukia mchangani kama anavyofukia choo chake. Ndoo iteketezeni. Jumamosi tutapika maharage; na wakwe ukiwaona kabla yangu, waambie ni wewe uliyetaka hivyo.