Chupa Lazima Zipumzike

Tangazo lilikuwa fupi, lakini Mtaalamu alilisoma mara tatu huku akitabasamu peke yake. Mama mmoja mjane, mwenye nyumba kubwa upande wa juu wa mji, alikuwa anatafuta mtu wa kumshauri namna ya kuchagua friji ya mvinyo, ile ya kujengewa ndani ya kabati la jikoni. Marehemu mumewe, aliandika, alimwachia chupa nyingi za miaka mingi, na yeye mwenyewe hajui lolote kuhusu mambo hayo.

Mtaalamu alikuwa amejilaza kwenye kochi la dada yake, ambako aliishi kwa muda tu, na muda huo ulikuwa umeingia mwaka wa pili. Mjane. Chupa nyingi. Hajui lolote. Alijiona mtu aliyependelewa.

Tumtendee haki: hakuwa mwizi. Mwizi anaruka ukuta, lakini Mtaalamu alikaribishwa mlangoni na kupewa chai. Alikwishakuwa mtaalamu wa paa, wa visima na, kwa wiki moja yenye misukosuko, wa meno. Mvinyo alikuwa hajaugusa bado, ila mchana mmoja wa kusoma kwenye simu ulimtosha kujiona amezaliwa nao.

Akampigia yule mama. Sauti iliyompokea ilikuwa ya upole, ya mtu anayeelekea kusinzia. Ilimsikiliza mpaka mwisho, kisha ikauliza swali moja tu.

"Sasa mwanangu, hiyo utakayoniletea inapumulia wapi? Mbele au nyuma?"

Mtaalamu akakaa kitako. Swali lilikuwa la maana kuliko alivyotaka. Friji ya kusimama peke yake hutoa joto lake kwa nyuma, na ukiibana kabatini inajichemsha yenyewe mpaka inakufa. Ya kujengewa hutoa joto kwa mbele, kwenye matundu yaliyo chini ya mlango. Yeye alikuwa amepanga kupeleka friji kuukuu ya soda iliyopakwa rangi nyeusi. Akajibu kwa heshima zote kwamba inapumulia mbele, mama, kisha akakata simu na kuanza kukuna kichwa.

Ya kweli ilikuwepo, tena karibu. Ilikuwa ukumbini hapo hapo, ndani ya boksi lake. Dada yake aliinunua kwa ajili ya mgahawa aliokuwa anaufungua Jumamosi, mgahawa alioupigania tangu siku za kuuza maandazi kwenye beseni. Mtaalamu alimbembeleza kutwa nzima. Ni ya kuonyesha tu, dada. Mteja aione, aiguse, nipate changu, nikurudishie bila hata alama ya kidole.

"Jumamosi asubuhi iwe mgahawani," dada alisema mwishowe. "Isipokuwepo, na wewe usiwepo hapa. Nimekubeba vya kutosha, mdogo wangu."

Dada hakuwa mtu wa kufoka, na ndiyo maana Mtaalamu alimwogopa.

Jiko la mjane lilimfurahisha. Oveni, mashine ya kuoshea vyombo, mtambo wa kahawa, vyote vilikuwa vimezamishwa kabatini vizuri kabisa, na hakuna vilivyofanana, kila kimoja na chapa yake. Mtaalamu aliona hapo pesa ya mtu asiyeuliza bei. Katikati ya kabati palikuwa na shimo tupu. Friji ya dada ilipotelezeshwa ndani, ilienea kana kwamba imekatiwa. Mtu mwingine angejiuliza jambo. Mtaalamu alilichukulia kuwa ni bahati.

Akatoa mhadhara. Alieleza kwa nini chupa hulazwa, kwa nini mtikisiko ni adui, na kwa nini chumba cha juu cha friji kina baridi tofauti na cha chini. Mama aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Fundi wake wa makabati, bwana mwenye masharubu mazito, alisimama pembeni akitafuna karanga. Kisha wakaenda stoo, na Mtaalamu akaziona chupa: rafu kwa rafu, zina vumbi la heshima na shingo zilizofungwa kwa karatasi za dhahabu. Akashika moja, akafumba macho kwa huzuni.

"Mama, hizi zimezoea joto. Ukiziingiza kwenye baridi ghafla, mvinyo unashtuka. Lazima zipumzike kwanza."

"Maskini," mama alisema. "Sikujua kama zimechoka."

Akamweleza kwamba ana chumba maalumu cha kuzituliza. Na ili mama asiwe na wasiwasi, friji hii ya maonyesho ingebaki hapa kama dhamana. Kesho yake angerudi na kisingizio cha kubadilisha saizi, aibebe, na asionekane tena upande huo wa mji. Hiyo sehemu, bila shaka, hakuieleza.

"Yaani nikae nayo mpaka chupa zangu zirudi?"

"Mpaka zirudi, mama. Zikiwa zimefungwa vilevile."

"Fundi, umesikia?"

"Nimesikia," fundi alisema, akatema ganda.

Siku hiyohiyo Mtaalamu alizifikisha chupa kwa mnunuzi wake, mkuu wa baa ya hoteli moja kubwa. Mkuu akafungua ya kwanza, akanusa, akaonja, akabaki anamwangalia.

"Hii ni maji ya rangi," alisema. "Hata sukari hawakutia."

Mtaalamu hakuamini. Alizifungua zote mwenyewe, moja baada ya nyingine, akionja na kumwaga kwenye sinki, mpaka ulimi ukawa wa zambarau na matumaini yakaisha. Akajipa moyo. Basi, mjane wa watu alidanganywa na marehemu wake, hayo ni ya kifamilia. La muhimu ni friji ya dada.

Ijumaa akarudi. Friji ilikuwa inanguruma taratibu ndani ya kabati. Juu yake palikuwa na bamba la jiwe, kushoto na kulia vigae vipya, na gundi ilikuwa bado mbichi. Fundi alikuwa ananawa mikono. Mama akamkaribisha chai.

"Mama, nimekuja kuichukua friji."

"Chupa ziko wapi?"

"Zinapumzika."

"Basi na friji ipumzike."

Mtaalamu aliona Jumamosi, akaliona kochi likimtoka, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake ulimi ulimteleza.

"Mama, zile chupa zilikuwa na maji!"

Mama akaweka kikombe chini polepole.

"Umejuaje, mwanangu? Si zilikuwa zimefungwa?"

Fundi alikausha vidole vyake kimoja kimoja. Mtaalamu akaitazama oveni, akautazama mtambo wa kahawa, akazitazama zile chapa zisizofanana.

"Hii oveni," aliuliza kwa sauti ndogo, "ilikuja na nani?"

"Na mtaalamu wa umeme. Kijana mwenye adabu sana, kama wewe. Alichukua vijiko vyangu vya fedha akavisugue." Mama akashusha pumzi. "Hajarudi. Labda aligundua ni bati."

Akamsindikiza mpaka mlangoni kwa upole uleule. Nyuma yao fundi alikuwa ameshaanza kupima ukuta wa karibu na dirisha. Mama akauliza kama Mtaalamu anamfahamu mtu yeyote mwenye ujuzi wa mashine za barafu.

Dada alikuwa sebuleni akikunja vitambaa vya meza vya mgahawa. Hakuinua kichwa.

"Friji iko wapi?"

Njia nzima Mtaalamu alikuwa ametunga ajali, moto na polisi. Lakini alipoiona ile mikono iliyokanda maandazi miaka yote, yote yakamtoka kichwani. Akasema kweli tupu, tangu tangazo mpaka vigae: mjane mpole, maji ya rangi, vijiko vya bati, fundi na karanga zake. Alimaliza machozi yakimlengalenga.

Dada alikunja kitambaa cha mwisho, akakilainisha kwa kiganja.

"Miaka yote umenidanganya vizuri," alisema. "Leo hata hukujitahidi."

Begi la Mtaalamu lilikuwa tayari nyuma ya mlango.