Kioo cha Akiba

Jumatatu, 15 Desemba

Kioo kimefika. Upana mita moja na sentimita ishirini, urefu mita mbili na kumi, unene milimita kumi na mbili. Kilo sabini na tano na ushee. Tulikibeba watu wanne, ingawa mmoja wetu alibeba ushauri tu. Kimeegemezwa sebuleni kati ya kochi na kabati la vyombo. Kinapendeza. Mke wangu anasema hakipendezi.

Niandike sababu, ili baadaye asitokee mtu wa kuniita kichaa. Duka kubwa la vyombo vya umeme pale njia panda huvunjwa mlango kila mwaka, asubuhi ya kwanza ya punguzo. Miaka mitatu mfululizo. Wala si wezi, ni wateja. Na kila mwaka kiwanda huchukua siku tisa kutoa kioo kingine, kwa sababu kioo cha mlango hukatwa kwanza, kisha huchomwa kikakomaa, na kikishachomwa hakikatwi tena. Siku tisa duka linakaa na ubao kama kibanda cha kuku. Meneja ameapa: safari hii, Jumamosi, fundi atakayeziba pengo ndani ya saa moja, huyo huyo ataweka madirisha ya jengo lao jipya. Madirisha arobaini.

Arobaini! Nilianza kazi hii na futi moja ya kupimia iliyokatika sentimita kumi za mwanzo. Nimeukata umaskini kwa mkono wangu. Madirisha arobaini ni haki yangu.

Tatizo ni moja. Kioo hiki ni cha mlango ule tu. Usipovunjika, nina meza ya kulia chakula ya watu kumi isiyo na miguu.

Jumanne, 16 Desemba

Nimepiga hesabu. Mwaka jana watu mia tatu na arobaini walivunja kioo cha milimita kumi. Baada ya hapo nikaweka cha kumi na mbili, nikakifunga kwa bawaba nzito na silikoni bora. Hakitikisiki. Kazi yangu nzuri ndiyo adui yangu. Kwa makadirio yangu unene huu unahitaji watu mia tano, na wawe na haraka.

Nikaenda kunyoa. Nywele hazikuwa na shida. Nikamnong'oneza kinyozi kwamba mwaka huu kuna friji kumi na mbili tu za nusu bei, na nikamsihi asimwambie mtu. Kinyozi wetu ukimwambia jambo kwa siri unaokoa gharama za matangazo.

Nilipotoka nikamwona Milimita ameketi ng'ambo ya duka, anakunywa chai na kuutazama mlango. Milimita ni fundi vioo mwenzangu, kama neno mwenzangu linamfaa. Nilimfundisha mimi kushika almasi ya kukatia. Siku hizi ana kadi za biashara zenye picha yake akiwa amekunja mikono. Akanisalimu, shikamoo kaka mkubwa. Anajua kunizeesha mbele za watu.

Jumatano, 17 Desemba

Mama mkwe amefika. Ni mshonaji mstaafu, miaka thelathini na minane kwenye cherehani, mwili mdogo, jicho kali. Mke wangu alikuwa amenionya tangu juzi: mama atalala chumba cha watoto, watoto watalala sebuleni, je, kioo kitalala wapi? Nikasema kitaondoka Jumamosi. Akauliza kinaondoka kwenda wapi. Nikasema kazini. Akauliza kazi gani, mbona hajaniona nikienda kupima. Mwanamke huyu angekuwa hakimu.

Mama mkwe akakizunguka kioo mara mbili, mikono nyuma. Akasema ni kipana kwa dirisha, ni chembamba kwa kibaraza, hicho ni cha mlango. Nikasema mama una macho. Akasema macho ndiyo yaliyomsomesha mke wangu.

Wakati wa kula akatupa habari mpya. Amesikia kwenye saluni kwamba lile duka lina friji sita tu, za robo bei, na anataka moja kabla hajarudi kwake. Nikapaliwa na maji. Uzushi wangu uliondoka Jumanne na friji kumi na mbili za nusu bei. Umerudi umekondeana friji, umenenepa punguzo. Nikamwambia asihangaike, foleni si mahali pa mtu wa umri wake. Akaniuliza umri wake upi.

Alhamisi, 18 Desemba

Mkosi. Mlinzi wa duka amemshauri meneja afunge kamba za foleni na kugawa namba, watu waingie kumi kumi. Mlinzi huyu hakutumwa na mtu. Ana akili tu, na hiyo ndiyo hatari yake.

Nikamwendea meneja mbio, kwa kisingizio cha kupaka mafuta bawaba. Nikamweleza kwamba namba ni za hospitali. Duka lenye namba linaonekana lina wagonjwa. Lakini umati mlangoni! Picha moja ya umati mlangoni inatosha kutangaza duka mwaka mzima. Akafikiri sana, akitazama kamba zilizoviringishwa pale chini. Akasema kweli, kamba zitaharibu picha.

Mlinzi alikuwa amesimama hapo hapo. Hakubisha. Aliuliza swali moja tu, tena aliniuliza mimi.

"Fundi, mlango huu unafunguka kwenda wapi?"

"Nje."

"Watu wakiubana kutoka nje?"

Nikasema hautafunguka, ni hesabu ya kawaida. Mwaka jana meneja ndiye aliyetaka ufunguke nje ili ndani ipatikane nafasi ya friji moja zaidi. Mimi ni fundi, si mshauri. Mlinzi akaokota kamba zake, akazirudisha stoo.

Ijumaa, 19 Desemba

Matayarisho. Nimemwambia meneja ni vyema fundi awepo ndani asubuhi, chochote kikitokea. Amenipa fulana nyekundu iliyoandikwa MSAIDIZI. Inanibana kifuani. Nimeweka wabebaji watatu wa kuja kukibeba kioo nikiwaita. Umbali kutoka kwangu hadi dukani ni hatua mia nane na ishirini. Kubeba dakika kumi na nne, kusafisha fremu kumi, kufunga ishirini na mbili. Jumla dakika arobaini na sita. Zinabaki kumi na nne za kupumua na kupongezwa.

Mama mkwe ameuliza duka linafunguliwa saa ngapi. Nikamwambia saa nne. Ni saa mbili. Nimefanya hivyo kwa kumpenda.

Jumamosi, 20 Desemba

Hakufa mtu. Naliandika hili kwanza kwa sababu kila niliyekutana naye ameanza kuuliza hilo.

Niliingia dukani kwa mlango wa nyuma saa kumi na mbili. Nje walikuwa mia mbili na kumi. Saa moja, mia nne na thelathini. Saa moja na nusu walifika mia sita nikaacha kuhesabu, nikajiona tajiri. Ndipo nikatazama mstari wa mbele. Mtu wa kwanza kabisa, juu ya kigoda, na chupa ya chai, mama mkwe. Alikuwa ametoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Hakuniamini kuhusu saa nne. Akaniona kupitia kioo, akanipungia mkono, akawaonyesha majirani zake wa foleni fulana yangu. Nikampungia.

Saa mbili kasorobo meneja akawasha taa za ndani. Kosa hilo tu. Walio nyuma wakadhani pamefunguliwa. Wakasogea hatua moja. Hatua moja ya watu mia sita si hatua moja.

Kigoda kilipotea kwanza. Kisha mama mkwe akawa kwenye kioo, shavu la kulia na viganja viwili. Miguu yake haikuwa chini. Niliiona, ilining'inia kama ya mtoto kwenye kiti. Meneja akazungusha ufunguo, akasukuma. Mlinzi akasukuma. Mimi nikasukuma. Mlango unafunguka nje, na nje palikuwa na watu mia sita. Kioo changu hakikutikisika hata kidogo. Milimita kumi na mbili.

Mdomo wake ulikuwa umeacha ukungu kwenye kioo. Duara la upana wa sahani. Nikalitazama. Likawa upana wa kisosi. Nimekaa na vioo miaka ishirini na miwili, sijawahi kukiona kioo kikipima pumzi. Likawa upana wa kizibo.

Nikachukua nyundo na patasi ya ncha. Meneja akauliza unafanya nini. Nikamwonyesha mama mkwe kwa ishara afumbe macho. Akafumba. Ndiyo mara ya kwanza kunitii. Kioo cha namna hii ukikipiga katikati kinakucheka. Kinapigwa pembeni, chini, karibu na bawaba. Pigo moja. Kikashuka chote kama mchele unaomwagwa kutoka guniani.

Wakaingia kwa kuanguka, safu juu ya safu. Mlinzi na mimi tukawavuta kwa mikono, kwa mikanda, kwa chochote. Mama mkwe aliniangukia kifuani. Mtu hamkumbatii mkwewe, lakini nilimkumbatia, sikuwa na pengine pa kumweka. Alikohoa muda mrefu. Nilikuwa nikihesabu vikohozi. Kwenye cha tisa akafungua macho.

"Mwanangu," akasema, "friji ziko upande gani?"

Mwanamke mmoja amevunjika kifundo cha mkono. Mwanamume mmoja mbavu mbili. Msichana alizimia, akazinduka. Viatu visivyo na wenzake kumi na tisa. Friji, kwa kumbukumbu, zilikuwa themanini, zote punguzo la asilimia kumi, na ofa ni ya wiki mbili. Hadi jioni hamsini na tatu zilikuwa bado hazijapata wenyewe.

Majeruhi wa mwisho alipochukuliwa ilikuwa saa nne kasorobo. Meneja, mweupe kama karatasi, akatazama saa yake, akasema pengo hilo, fundi, saa moja kuanzia sasa. Nikawaita wabebaji wangu. Hawakupokea simu. Nikakimbia hatua mia nane na ishirini.

Wabebaji walikuwa nyumbani kwangu. Mama mkwe alikuwa amewakodi kubeba friji yake. Walikuwa wakiigeuza sebuleni ili ikae pembeni mwa kabati. Sakafu ilikuwa nyeupe kwa punje za kioo. Pembe ya friji, pembe ya kioo, chini. Wamepiga mahali pale pale ambapo fundi angepiga.

Niliporudi dukani Milimita alikuwa anafuta silikoni iliyozidi kwa kidole. Mita moja na ishirini kwa mbili na kumi, unene kumi na mbili. Naye alikuwa na cha kwake, chini ya kitanda, tangu mwanzo wa mwezi. Dakika hamsini. Akaniambia pole kaka mkubwa, kazi ngumu hii.

Jumapili, 21 Desemba

Meneja amenishukuru mbele ya wafanyakazi. Kwa kawaida, alisema, anayevunja analipa. Kwa kuwa nimeokoa watu, hatanidai kioo. Wakapiga makofi. Zawadi yangu ni kutodaiwa. Madirisha arobaini kapewa Milimita. Amri moja tu ametoa mlinzi, na safari hii amesikilizwa: kamba, namba, na mlango usiobanwa.

Nimefagia sebule mara nne na bado miguu inaokota punje. Mama mkwe ana alama ya bluu shavuni na anaizungusha mtaani kama nishani. Kila anayeingia anaonyeshwa friji, kisha anaonyeshwa mimi. Anasema mkwewe ni mtu wa kujiandaa, alikuwa hata na kioo cha akiba, kipimo kile kile cha mlango wa duka. Yeye saizi anaijua kwa jicho.

Mke wangu alikuwa anapanga vyombo ndani ya friji. Aliacha kupanga.

"Ulijuaje kitavunjika?"

Nikasema uzoefu. Akafunga friji, vyombo vikabaki mezani. Nimelala upande wa ukutani.

Jumanne, 23 Desemba

Nimepita kwenye jengo jipya, kwa bahati tu, nikiwa na futi mfukoni. Milimita ameanza madirisha. Ameweka vioo vya milimita sita. Sita! Sikumwambia kitu. Mlango utakuwa wa kuteleza, ule usiobanwa, wazo la mlinzi. Nimepima kupitia upenyo wa mabati. Mita moja na arobaini kwa mbili na ishirini. Mlango wa kuteleza una reli, na reli ikisukumwa ubavuni na watu wa kutosha hukipinda kioo kuliko bawaba. Mia tatu na hamsini wanatosha. Ufunguzi ni tarehe kumi Januari.

Kiwandani wamesema siku tisa. Nimeagiza. Sikosei mara mbili: safari hii kitakaa chumbani, sio sebuleni.

Jioni nikaenda kunyoa. Kinyozi akasema hakuna kitu cha kunyoa. Nikamwambia apunguze tu hapa na pale, nikamnong'oneza kuhusu majiko.

Niliporudi mama mkwe alikuwa amefungua mkoba wake na kurudisha nguo kabatini. Ameamua kukaa hadi Januari. Nikamuuliza kulikoni. Akasema amesikia jambo kwenye saluni, na jiko lake limeshachoka.