Chungu kwa Ujazo Wake

Siku Dickson aliposoma kwenye simu kwamba wataalamu wamekuta ndani ya mwani mdogo, ule usioonekana kwa macho, vitu vya kupoza ngozi iliyovimba na kuwasha, mawazo yake hayakwenda maabara. Yalikwenda kwenye bwawa la samaki nyuma ya gesti aliyofikia pale Kyela mjini. Samaki walikwisha kufa zamani. Kilichobaki ni maji mazito ya kijani, na vyura wenye afya njema kabisa.

"Watazame wale," alijiambia. "Kuna hata mmoja anayejikuna?"

Tumtendee haki: habari yenyewe ilikuwa ya kweli. Dickson hakuwa mtu wa kudanganya kavukavu. Uongo wake aliuunga kwa ukweli kidogo, kama mboga inavyoungwa kwa karanga. Tofauti ni kwamba wataalamu huchuja kile kinachofaa tu, wakapima na kupima tena. Yeye alichujia kipande cha chandarua, akakorogea mafuta ya mgando, akaiita dawa hiyo Kijani cha Nyasa.

Wakulima wa Njisi, ambao miguu iliwawasha kwa kushinda majarubani, walinunua kwa walichokuwa nacho: mchele. Magunia yakapangwa kwenye kirikuu alichokodi kwa Anyisile, dereva mpole asiyependa maswali. Mpango ulikuwa mchele uuzwe Mbeya, na Kyela isimwone tena.

Angeondoka siku ile, tusingekuwa na cha kusimulia. Lakini Prisca, mwenye duka la vipodozi, alilisukuma kando kopo la dawa aliloletewa auze.

"Dawa ya asili kwenye plastiki, kaka? Nani atakuamini? Itie kwenye vyungu, wageni wa ufukweni Matema watagombania."

Ndivyo Dickson alivyofika Matema, kwenye kibanda cha mama Elizabeth, mfinyanzi, aliyekaa na wanawake wenzake wa kazi hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ugonile," aliongeza salamu ya Kinyakyusa.

Viganja vya mama vilikuwa vyekundu, vimepasukapasuka.

"Mama yangu! Mikono gani hiyo?"

"Inawasha, baba. Nikifinyanga inavimba. Nisipofinyanga, hatuli."

Dickson akachota dawa pomoni, akampaka hadi vifundoni. "Bure, mama. Mimi nina huruma."

"Ndaga," alisema Elizabeth.

Neno hilo Dickson alilijua: asante. Akajiona mwenyeji. "Sasa, mama, vyungu hivi bei gani?"

"Huku kwetu ni chungu kwa ujazo wake."

Dickson nusura acheke. Ujazo wake! Yaani apewe chungu, naye alipe dawa ya kukijaza, na bwawa bado limejaa tele!

"Nakubali! Basi nipe vyote. Hata ule mtungi mkubwa kule nyuma."

"Mtungi ule pia? Mbele ya wanawake wote hawa?"

"Mbele ya Mungu, mama!"

Wenye busara hawamwingizi Mungu kwenye biashara. Ana kumbukumbu nzuri mno.

Siku ya soko Dickson alirudi na kirikuu, magunia yote nyuma; hakutaka kuyaacha gesti kwa sababu, alisema, mji una matapeli. Vyungu vilikuwa tayari vimepangwa. Elizabeth alikaa kando, mikono imefungwa vitambaa, imeumuka kama maandazi. Wiki nzima hakugusa udongo.

Dickson akajifanya hajaona. Akashusha dumu la dawa yake ya kijani, akaanza kumimina kwenye chungu cha kwanza.

"Unafanya nini, baba?"

"Si ujazo, mama?"

Wanawake wakaangua kicheko hadi wavuvi wakaacha nyavu zao wakaja kuangalia.

"Ujazo ni nafaka!" alisema Elizabeth. "Tangu enzi za bibi zetu. Unajaza mchele, tunaumimina kapuni, wewe unaondoka na chungu chako. Ulisema vyote."

"Anyisile! Washa gari!"

Anyisile alikuwa ameshafungua gunia la kwanza.

"Bosi, huyu ni shangazi yangu. Na Njisi nina wajomba. Tumalize hapa, au tupitie kule tukawaulize kama miguu imepoa?"

Mchele ukamiminwa. Vyungu vidogo vilikunywa kwa adabu. Mtungi ule mkubwa ulikunywa kama mgeni wa harusi. Gunia la mwisho lilipokung'utwa, ulikuwa bado haujajaa, lakini Elizabeth alisema amesamehe kilichobaki.

"Nusu itarudi Njisi kwa wenyewe," akasema. "Nusu itanipeleka kwa daktari wa ngozi. Huyo atanipima kwanza ndipo anipake."

Kirikuu kikaondoka kikigonganisha vyungu vitupu, wanawake wakipunga mikono. "Ndaga, baba! Ndaga fijo!"

Dickson akashusha pumzi. "Angalau wana shukrani."

"Ndaga ni asante, bosi," alisema Anyisile. "Ni pole pia."

"Na hii ilikuwa ipi?"

Anyisile akaangalia kioo, mtungi ukibingirika nyuma peke yake.

"Siku ile ulipompaka dawa, ilikuwa asante."