Lenzi ya Sabini Mpaka Mia Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Nimeula! Mdogo wangu anahitimu ualimu Jumamosi, wa kwanza katika ukoo mzima kuvaa joho. Mama anataka picha moja tu ya kutundika sebuleni: mwanawe akikabidhiwa cheti. Alitaka kumpa kazi Dada Pasipoti, yule jirani anayepiga watu picha za vitambulisho mbele ya shuka jeupe. Thubutu! Na mimi nipo? Kamera ni ya kuazima, lakini ikishaning'inia shingoni nani atajua? Nimembembeleza Mama tangu asubuhi mpaka akachoka. Kasema haya, ila nikiharibu nitafute mama mwingine.

Jumanne, tarehe 4

Duka la kamera! Lenzi za kukodi zimejaa kabati zima, nilitamani kuzikumbatia. Mwenye duka kaniuliza nitakaa umbali gani na jukwaa. Nikamwambia hilo aniachie mimi. Kaniwekea mbili mezani. Moja fupi, imeandikwa 50mm. Nyingine ndefu, nyeupe, nzito kama mchi: 70-200mm. Moyo ulinidunda! Mm ni mita, nani asiyejua? M ya kwanza ya mita, ya pili ya kusisitiza. Ile fupi inashika mita hamsini kamili, si pungufu wala zaidi. Hii ndefu inaanzia sabini, inafika mia mbili! Mwenye duka akataka kunieleza kitu. Nikamwambia nina haraka.

Alhamisi, tarehe 6

Nimekutana na Dada Pasipoti kwenye ngazi. Naye anakwenda! Kaalikwa na mdogo wangu mwenyewe, msaliti yule. Eti atakaa safu ya tatu na lenzi ya hamsini. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Safu ya tatu! Ataambulia ukungu mtupu. Sikumwambia kitu, siri ya kazi haitolewi ovyo.

Baadaye nikaenda kupima ukumbi kwa hatua. Balaa! Kutoka jukwaani mpaka ukuta wa nyuma ni hatua arobaini tu. Nikatoka mlango wa nyuma, nikaendelea kuhesabu. Ya sabini imeangukia kwenye maegesho ya magari, kando ya pipa la taka. Lakini mlango ukiwa wazi, jukwaa lote linaonekana! Nimeweka alama ya chaki. Akili ni mali.

Jumamosi, tarehe 8

Saa nne na nusu nipo kwenye alama yangu, jasho linanitoka, raha tupu. Jina la mdogo wangu likatajwa. Nikalenga. Lo! Uso wake huo, mkubwa, anatabasamu! Mlinzi akafunga mlango.

Eti upepo unapeperusha kofia za wahitimu. Nilipiga kelele, wapi! Nimerudi na picha kumi na saba za mlango. Ni safi mno, skrubu za bawaba zinahesabika.

Mdogo wangu kalia na joho lake. Kaniuliza kwa nini kiti changu kando ya Mama kilikuwa kitupu. Hapo iliniuma kweli. Nikamweleza habari za mita. Akaacha kulia, akanitazama. Akasema mm ni milimita, kaka, hata watoto wa darasa la nne wanajua. Mama kasema asiyejua maana haambiwi maana. Picha ya ukutani imetoka kwa Dada Pasipoti, na imetoka vizuri. Bahati ya mtende!

Jumapili, tarehe 9

Nimesamehewa! Joho linarudishwa kesho, na Mama anataka picha akiwa na mhitimu wake. Dada Pasipoti hayupo. Mdogo wangu kaniombea nafasi ya mwisho, Mungu ambariki.

Safari hii sikosei. Nimekimbilia dukani, nimebadilisha, nimechukua ile ya hamsini. Mwenye duka alitaka tena kunieleza kitu, nikamwambia najua kila kitu, ni milimita. Akatikisa kichwa. Wivu!

Milimita hamsini, yaani sentimita tano kamili. Nimechukua rula ya Mama ya kushonea. Wameshakaa kwenye kochi, wamependeza kupita kiasi. Nimeanza na Mama. Nimempima kutoka ncha ya pua mpaka kwenye kioo cha lenzi, nikamwomba asipumue.