Jinsi Mkunga Mstaafu Alivyoiteka Pete kwa Maoni ya Keki

Sogeeni, enyi mlio karibu, na mlio mbali kohoeni nijue mpo! Wekeni vikombe chini, punguzeni moto wa majiko, mwenye mtoto anayelia ampe cha kutafuna. Kwa maana nataka kuwasimulia vita vya majuma saba vilivyopiganwa sebuleni, mbele ya runinga, baina ya kochi la watu watatu na kiti kilichovunjika mkono mmoja. Vita ambavyo ndani yake palimwagika chai mara mbili na maneno mara zisizo na idadi. Na jinsi shujaa wetu, Mkunga Mstaafu, Mpokeaji wa Maelfu, Mwenye Mikono Isiyotetemeka, alivyoiteka pete moja ndogo kutoka katika kidole kimoja kilichovimba.

Nawe kumbukumbu yangu, nakuomba, usinitoroke leo kama ulivyonitoroka juzi dukani, niliposahau nilichotumwa nikarudi na kiberiti.

Basi jueni kwamba huyu Mkunga ni mdogo wangu, tumbo moja. Kwa miaka thelathini na minne alitawala wodi ya wazazi, na utawala wake ulikuwa wa sabuni. Hakuna aliyevuka mlango wa leba akiwa na pete, wala saa, wala bangili. Siku moja daktari mkubwa aliingia na saa inayong'aa, naye mdogo wangu akamtazama mkono, akamtazama tena, na daktari akatoka mwenyewe kinyumenyume. Lakini miaka ikatimia, wakampa cheti na birika la umeme, akarudi nyumbani. Jemadari akawa hana jeshi. Akabaki kukagua mikono yetu mezani.

Na katika nyumba hiyohiyo aliishi wifi yake, dada wa marehemu mumewe, Mwokaji wa Keki, mwanamke mpana wa kifua na mpana wa maneno, ambaye mwiko wake haukuwahi kukauka. Huyu alikuwa na ibada yake kila Jumamosi saa tisa alasiri: mashindano ya kuoka kwenye runinga. Baada ya mashindano ilikuja robo saa ya maoni ya watazamaji, ambapo mtangazaji mwenye tai nyekundu alisoma ujumbe wa watu. Na baada ya maoni, saa kumi na robo, ikaingia tamthilia ya wakunga.

Maoni ya Wifi yalikuwa yamekwisha kusomwa mara tatu. Mara tatu, nasema! La kwanza lilimshutumu jaji mwenye upara kwa kuonja keki kabla haijapoa. La pili lilihusu mshindani mmoja aliyekanda unga kama anayefua blanketi. La tatu lilikuwa la kushukuru kwamba mawili ya kwanza yamesomwa. Na kila liliposomwa, Wifi alisimama, akainama mbele ya kochi kulia na kushoto, akaketi tena, nalo kochi likalia.

Ama Mkunga, alikuwa na jeraha. Jeraha lake lilikuwa bintiye wa mwisho, tunayemwita Kitinda, aliyekuja kukaa kwa mama kusubiri kujifungua. Mimba ilikuwa ya mwezi wa saba, miguu imejaa, vidole vimevimba, na katika kidole cha pete, pete ya ndoa imezama kama uzi uliokaza mdomo wa gunia. (Mumewe yuko kazini, na katika habari hii hana kazi yoyote.)

"Kitinda, vua pete," alisema mama mtu.

"Haijabana, Mama."

"Haijabana, na kidole kina kiuno?"

"Mama nawe! Yule dada wa kwenye tamthilia juzi kazaa na pete, na hereni, na kope za kubandika. Mtoto katoka analia vizuri tu, tena kashachanwa nywele. Na mkunga wake ana pete nne na bangili hadi hapa. Ina maana wote hao hawajui, unajua wewe peke yako?"

Oo, wasikilizaji wangu! Mkuki gani ulishawahi kuchoma kama huo? Mkunga aliinuka, akaweka mkono kifuani, akanena kwa sauti iliyowahi kunyamazisha wodi ya vitanda ishirini:

"Ewe mwanangu wa mwisho, niliyekubeba wakati nilidhani nimemaliza! Mikono hii imepokea watu wanaoendesha magari sasa hivi barabarani! Nimewapokea kwa taa ya chemli, nimewapokea maji yamekatika, nimewapokea mapacha ambao mama yao mwenyewe alikuwa hana habari nao! Na yule unayemsema, yule mwenye kucha ndefu kama uma, mtoto anayempokea ana meno mawili! Mtoto wa miezi sita yule, amepakwa jamu!"

"Jamu ya zambarau," akadakia Wifi kutoka jikoni. "Nimeitambua."

"Sisikii kitu," akasema Kitinda, akaongeza sauti ya runinga.

Jioni hiyo mdogo wangu alinifuata uani nilipokuwa naanua nguo. Akashika ncha ya shuka, tukalikunja pamoja, na akaniambia bila kunitazama: "Dada, pete itakatwa kwa koleo siku ile ya uchungu, kidole kikiwa kimegeuka rangi. Hiyo nayo si kitu, itakatwa. Lakini asiponisikiliza kwa pete, atanisikiliza kwa mtoto?" Nikamwambia ashike shuka vizuri, linaburuta.

Ndipo ilipoanza Kampeni ya Maoni. Kesho yake Mkunga alivaa miwani, akaketi wima, akaishika simu kama anayempima mtu homa, na kwa kidole kimoja akaanza kuandika kwa kituo cha runinga. Aliandika siku ya kwanza, akaandika ya pili, akafikisha ujumbe kumi na mmoja. Na katika Jumamosi tano haukusomwa hata mmoja.

Sababu niliijua nilipoomba kuona. Mdogo wangu maskini alikuwa anaandika kama anakabidhi zamu. Huu hapa mmoja, na wenye kula watangulie kumeza: "Saa 10:40 mama, uzazi wa kwanza, aliingia leba anacheka. Chupa haijapasuka. Saa 10:43 kazaa. Kondo la nyuma halikuonekana, halikutajwa, halijulikani liliko. Mkunga hakunawa. Damu: kijiko kimoja. Hali ya mama: amejipodoa. Naomba maelezo."

"Hii asomewe nani?" nikamuuliza. "Watu wanakula saa hizo."

"Lakini ni kweli yote."

"Kweli ipi ya kusomwa na mtu mwenye tai?"

Wifi naye hakuacha kidonda kipoe. Jumamosi ya tano, mtangazaji alipofunga karatasi zake, aligeuka polepole kwenye kochi. "Wifi, pole," akasema. "Uandishi ni kipaji. Wengine tumepewa."

"Nimezalisha robo ya mji huu, wifi."

"Nami nimewaokea keki wanapotimiza mwaka. Hujasikia mtu ananilalamikia mimi."

Sasa palikuwa na mtu mmoja katika nyumba hiyo, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa amekaa kwenye kiti changu na amevaa khanga yangu, aliyekuwa akiwaza. Mtu huyo elimu yake ilikoma darasa la saba, lakini alikuwa akiangalia runinga kwa macho, wengine wakiiangalia kwa midomo. Na alikuwa ameona jambo. Akamwita Mkunga chumbani, akafunga mlango, akamwambia: "Acha kuwashambulia kwa mbele. Washindani wa keki hufanya nini kabla ya kugusa unga?"

Mkunga akafikiri. "Hunawa."

"Na pete?"

Kisha, naapa, niliona uso wake ukikunjuka kama shuka lile. "Huvua," akasema taratibu. "Huziweka kwenye kibakuli. Kila mmoja. Hata yule wa blanketi."

"Basi andika habari ya keki."

Akaandika, mtu yule akifuta. Alipoandika "kondo" likafutwa. Alipoandika "usaha" likafutwa kwa nguvu. Na mwisho ilibidi atie jina, na kwa kuwa jina lake kituoni huenda lilikuwa limebandikwa ukutani kama la mhalifu, tukachagua jingine: Mpenzi wa Keki, yeye, ambaye kisukari kilimkataza keki miaka tisa iliyopita, na ambaye hata kabla ya hapo alikuwa anakula kwa adabu tu. Tukapeana mikono. Tukaapa kutosema kwa mtu yeyote.

Hata ikawadia Jumamosi ya saba. Jua lilisimama dirishani lione. Kitinda alilala kwenye kochi miguu juu ya mto, Wifi amekaa na bakuli mapajani anapiga mayai kwa mwiko, Mkunga yuko kwenye kiti cha mkono mmoja, mgongo wima, na mimi mlangoni natoa vijiwe kwenye mchele, ingawa mchele ule nilikuwa nimeshautoa vijiwe asubuhi. Mashindano yakaisha, aliyeshinda akalia, aliyeshindwa akalia, jaji mwenye upara akala. Na yule mwenye tai nyekundu akafungua karatasi.

"Tunaanza na ujumbe mzuri sana," akasema, "kutoka kwa mtazamaji anayejiita Mpenzi wa Keki."

Mwiko ukasimama kwenye bakuli.

"Asema: Nawapongeza washindani. Kila mmoja huvua pete na kunawa hadi kiwiko kabla ya kugusa unga. Naomba wakunga wa tamthilia inayofuata wampe mtoto mchanga japo heshima ya unga. Na mjamzito akianza kuvimba vidole, avue pete mapema ingali inatoka kwa sabuni, asisubiri siku ya kukatiwa kwa koleo." Mtangazaji akacheka, akatazama mkono wake mwenyewe, akaacha kucheka. "Kwa kweli, watazamaji, hapa kuna hekima."

Kitinda aliinuka. Aliinuka jinsi wanavyoinuka wa mwezi wa nane, kwa awamu. "Mama! Mama umesikia? Wanasema pete ivuliwe mapema!"

"Nani wanasema?" akauliza Mkunga.

"Runinga! Mbona hukuniambia habari ya koleo?"

Enyi mliosikia habari za majemadari waliostahimili mishale, niambieni, yupo aliyestahimili hili? Maneno yalimpanda mdogo wangu; niliyaona yakifika shingoni, yakafika kidevuni, mdomo ukafunguka. Miaka thelathini na minne ilikuwa nyuma ya meno yake, na majuma saba juu yake. Kisha akakitazama kile kidole. Akafumba mdomo. Akameza. Nawaambia, kile alichomeza kilikuwa kikubwa kuliko keki yoyote iliyowahi kuokwa nyumbani mwetu.

"Kumbe," akasema. "Basi tuwasikilize."

"Na huyu Mpenzi wa Keki," akasema Kitinda, akageuka. "Shangazi, ni wewe?"

Wifi aliinamisha macho kwa unyenyekevu ambao sijauona kwake kabla wala baadaye. "Mimi sisemi," akasema. "Watu watadhani najisifu."

Akasimama. Akainama kulia, akainama kushoto.

Mimi nikatafuna punje ya mchele mbichi ili nisicheke, ikanivunja kipande cha jino, na kipande hicho ninacho hadi leo kama ushahidi.

Ndipo Mkunga akaingia vitani. Kwanza akanawa hadi kiwiko. Akamketisha bintiye, akamwambia ainue mkono juu ya kichwa, na Kitinda akakaa hivyo kwa muda mrefu kama mwanafunzi anayejua jibu na mwalimu hataki kumwita. Akaushusha, akautia kwenye maji baridi. Akapaka sabuni, akaanza kuizungusha pete, si kuivuta, kuizungusha; nayo pete ikakataa, ikajichimbia, ikang'ang'ania kwenye fundo la kidole kama mpangaji mkaidi.

"Inauma, Mama!"

"Pumua. Usisukume kabla sijakwambia."

"Ni pete, Mama!"

"Najua. Pumua tu."

Ikasogea nusu ya punje ya mchele. Ikasogea tena. Kisha, saa kumi na dakika ishirini na mbili, kama ilivyoandikwa na Mkunga mwenyewe nyuma ya kalenda, pete ikatoka, ikaruka hewani ikimeta, ikalia sakafuni, ikaviringika ikaingia chini ya kochi. Na Wifi, mshindi wa maoni manne kwa hesabu yake, akapiga magoti mbele ya shujaa wetu akaitafuta kwa mwiko.

Nyuma yetu tamthilia ilikuwa imeanza, mtoto wa meno mawili anazaliwa, na hakuna aliyekuwa akimtazama.

Kitinda alikuwa anakikandakanda kidole chake. "Mama," akasema, "ile ya kuinua mkono kwanza, na maji baridi. Runinga haikusema."

"Haikusema."

"Sasa wewe umejuaje?"

Mkunga alikuwa anafuta sabuni mikononi, kidole baada ya kidole, jinsi alivyofanya maisha yake yote. "Mambo ya zamani hayo," akasema.

Kitinda akaichukua rimoti na kuizima runinga, jambo ambalo katika nyumba ile siku ya Jumamosi halikuwahi kutokea tangu ilipotundikwa. "Basi siku ile uingie na mimi," akasema. "Huenda na hao wakunga wengine kuna kitu wakakisahau."

Na iandikwe kwa wino usiofutika: siku hiyo ngome ilianguka, pete ikatekwa, kidole kikakombolewa, na Mpokeaji wa Maelfu akarudishiwa jeshi lake lote, yaani mtu mmoja na nusu. Vizazi vijavyo vitaje Jumamosi ya saba kwa kusimama. Wifi hadi leo anaeleza wateja wake jinsi maoni yake yalivyookoa kidole, na mdogo wangu humwitikia, "Kweli, wifi." Kwa kuwa tuliapa kutosema.

Kuandika hakukutajwa, nami haya nimeyaandika tu; mnaosikia, mnasomewa.