Disketi Nne za Kumpata Ugbad

Siku hiyo ya Novemba, Mzee Kulow alizima redio kabla taarifa ya habari haijaisha, na kijiwe kizima kikamgeukia. Mzee huyu dalali wa ngamia walimbandika jina la Redio kwa sababu yeye na kile kisanduku chake hawaachani hata kwenye foleni ya maji. Azime mwenyewe? Lazima kuna msiba.

"Mmesikia?" akauliza. "Tarehe moja Januari, kombyuta zote duniani zinakufa."

Abdisamad alikuwa anapuliza chai. Akajiunguza ulimi.

Kijiwe chenyewe ni mabenchi mawili chini ya bati, kwa mama Amran muuza chai, hatua chache kutoka soko la mifugo la Garissa. Nyuma ya benchi ni ukuta wa ofisi ya Abdisamad, anayeitwa Disketi. Ofisi ina kompyuta moja ya miaka tisa, iliyonunuliwa kwenye mnada wa vitu chakavu, na printa inayolia mpaka mbuzi wanakimbia. Ndiyo riziki yake, na ndiyo posa yake vilevile. Ijumaa wazee wake walikuwa waende kwa Mzee Kulow kumwomba binti yake Ugbad, na mzee alishaonyesha dalili nzuri aliposikia kijana ana kompyuta.

"Zinakufaje, adeer?" Abdisamad akauliza, akimwita ami kwa heshima.

"Akili inaruka. Kombyuta inaandika mwaka kwa namba mbili tu za mwisho. Ikifika sifuri sifuri, inafikiri ni mwaka elfu moja mia tisa. Mwaka huo hata baba yangu hajazaliwa!"

"Maze, hiyo ni noma!" akadakia Bare Nairobi, aliyekaa Eastleigh miezi miwili na kurudi na lugha ya miaka ishirini. "Ndege zitadondoka! Lifti zitakwama na wasee ndani!"

"Garissa kuna lifti ngapi?" Amran akauliza, akimimina maziwa ya ngamia.

"Hakuna, eddo. Lakini zingekuwepo, zingekwama!"

Guyo alicheka mpaka akashika mbavu. Guyo ni Mborana kati ya Wasomali, dereva wa lori la kwenda Wajir, na kwa heshima yake pale benchini huongewa Kiswahili. Jina lake ni Gia Tatu, kwa kuwa ya nne hajawahi kuiingiza.

"Hii ya Disketi tutajuaje kama imekufa?" akasema. "Majuzi nilitaka barua kwa mwenye lori. Nikaiacha mashine inafunguka, nikaenda Habaswein, nikashusha mzigo, nikarudi. Bado inafunguka!"

Benchi likalipuka kwa kicheko. Mzee Kulow hakucheka.

"Disketi, Ijumaa wazee wako wasijisumbue," akasema. "Mimi siwezi kumpa binti yangu mtu ambaye mali yake inakufa Januari."

Jamani, kuna maneno ya kuambiwa mtu hadharani na chai ikiwa mdomoni! Abdisamad aliona Ugbad anayeyuka mbele ya macho yake. Alimpenda yule msichana kiasi kwamba akipita upande wa pili wa barabara, vidole vyake vilipiga herufi zisizokuwemo kwenye barua ya mteja.

"Adeer, nipe dakika kumi! Dawa ninayo."

Akakimbilia ofisini, akatoka na mkebe wa maziwa ya unga. Ndani mna disketi nne. Binamu yake Shuaib, anayesoma chuo kikuu Nairobi, alizituma kwa basi, na Abdisamad alishinda asubuhi yote amejifungia akiziingiza kwenye mashine. Hakumwambia mtu, kwa hofu ya kuaibika.

"Huu ni mfumo mpya wa kuendesha mashine. Unaitwa Linux. Huu unahesabu sekunde, hautegemei namba mbili za mwaka."

"Bei?"

"Bure, adeer."

Amran akaacha kukoroga.

"Bure?" Mzee Kulow akakunja uso. "Nani anatoa bure? Ana shida gani huyo?"

"Ni watu wengi, kila mmoja anaongeza chake. Ukipewa, unaruhusiwa kumpa na mwenzako."

"Ajabu iko wapi?" akasema Guyo. "Kwetu mtu akikosa maziwa anapewa ng'ombe akamue, na hakuna anayetaja bei. Hao watu ni Waborana, hawajijui tu."

"Haya, nieleze kama mtu anayezungumza na mtu," mzee akasema. "Kwa nini mwanzo haikutembea?"

"Nilikuwa nimeipakia mfumo mkubwa, picha na rangi tupu, na yenyewe ni mzee. Huu mpya ni maandishi matupu. Mwepesi."

"Waryaa! Yaani ngamia wa miaka yote hiyo ulimpakia nyumba nzima, mikeka, vyungu na watoto juu, halafu unashangaa hasimami?"

"Ndiyo, adeer. Sasa nimemwachia madumu mawili ya maji tu."

"Hapo umeongea fizuri. Mlete nimwone."

Wakaibeba wanne, wakaiweka juu ya kreti za soda, waya ukapitishwa dirishani. Kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakaanza kububujika.

"Imededi!" Bare akapiga kelele. "Rangi zimeisha!"

"Haijafa, inajikagua."

Na kweli, Amran hajamaliza kuosha glasi tatu, maandishi yakasimama. Guyo akatazama mashine, akatazama lori lake, akaona wivu.

"Inataka nini?" akauliza mzee.

"Inauliza wewe ni nani."

Uso wa Mzee Kulow ukafunguka. "Subhanallah! Mashine ina adabu! Inataka kumjua mtu kwanza. Andika: Kulow, Gelle, Jelle, Roble..."

"Adeer, ni jina moja tu lina..."

"Andika! Hirsi, Samatar, Warsame!"

Vidole vya Abdisamad vikakimbia na mzee na mababu zake sita. Akabonyeza. Mashine ikafikiri kidogo, ikakataa.

"Imesema nini?"

Abdisamad akajificha nyuma ya kioo. "Imesema... haikujui."

"Mimi? Garissa hii? Na mababu wote hao?" Mzee akasimama, bakora mkononi.

"Labda ni ya ukoo mwingine," akasema Guyo, na Bare akaanguka kutoka kwenye benchi.

Haraka haraka Abdisamad akaingia kwa jina lake la bosi wa mashine, akamwandikisha mzee. "Sasa chagua neno la siri, adeer. Asilijue mtu yeyote."

"Hoden!" mzee akanguruma, sauti ikafika sokoni. "Jina la ngamia wangu bora! Siri!"

Mashine ikakubali, ikamfungulia. Mzee akaketi ameridhika, akaitisha chai nyingine. Abdisamad akafuta jasho. Sasa kazi yenyewe.

"Naisogeza saa, adeer. Tarehe thelathini na moja Desemba, zimebaki sekunde kumi mwaka uishe."

Amran akavuta sufuria mbali. Bare akaziba masikio. Guyo akaanza kuhesabu kwa sauti, na wapita njia wakajiunga bila kujua wanahesabu nini. Tatu! Mbili! Moja!

Hakuna kilicholipuka. Kioo kikasoma tarehe mosi Januari, mwaka elfu mbili.

Kijiwe kikaruka juu. Bare akambusu Guyo shavuni, Guyo akajifuta. Mzee Kulow akainua mkono.

"Usiku hata ngamia mgonjwa anaonekana mzima. Msogeze mpaka saa hizi za alasiri, nimwone mchana."

Abdisamad akaisogeza. Januari mosi, elfu mbili, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Mashine ikawa inapumua tu, haina habari.

Mzee akaitazama sana. Kisha akaanza kuhesabu miezi kwenye vidole. "Sasa ni Shaabani... Ramadhani inaingia Desemba..." Hesabu ikakwama kwenye kidole kimoja. Akaiangalia glasi yake, imejaa nusu.

"Disketi. Januari mosi ni kumi la mwisho la Ramadhani."

Bare akatema chai yote. Amran akafunika sufuria.

"Mimi ni msafiri," Guyo akasema upesi, akamalizia yake.

"Yaani umenikalisha hapa," mzee akasema polepole, "na ndevu zangu hizi, nakunywa chai mchana wa Ramadhani mbele ya watu?"

Basi. Ugbad amekwenda.

"Rudisha Novemba!" mzee akafoka. "Upesi, nimalize chai yangu!"

Abdisamad akairudisha. Mzee akanywa taratibu mpaka tone la mwisho, akafuta ndevu, akaweka glasi chini.

"Sasa isukume mbele tena. Iruke Ramadhani, iruke Idi, isimame Ijumaa inayofuata."

"Ijumaa hiyo kuna nini, adeer?"

"Nikahi yako, mjinga wewe!"